Karakana Yetu: Kamera ya kompyuta na shafti inayokonda

SWALI: Shikamoo Mzee. Nina mashine kuukuu ya kukereza chuma uani kwangu, Tanga. Shafti ya milimita 40, nimeishika kwenye chaki tu (kile kishikio kinachoizungusha), baada ya urefu wa milimita 200 vipenyo vya ncha zake vinatofautiana kwa milimita 0.10. Rafiki anasema kamera ya kompyuta itanionyesha kasoro ilipo. Ananitania?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakutanii, yangu nimeipima hivyo hivyo. Toa lenzi, kibaki kitupu kichipi kinachopokea picha. Kwenye kamera nyingi za bei chee pikseli moja ina upana wa mikroni 3 hivi, yaani elfu tatu za milimita (0.003). Tofauti yako ya 0.10 ni ya kipenyo, kwa hiyo mhimili, yaani mstari ambao chaki inauzunguka, umeachana na njia ya kisu kwa nusu yake, 0.05. Hizo ni kama pikseli 17, zinaonekana wazi.

Funga kamera mahali pa kisu, leza ndogo kwenye chaki. Nukta ya leza isizidi milimita moja, maana kichipi chenyewe ni kidogo kuliko ukucha. Leza haitakaa katikati hata uibembeleze vipi, usihangaike: piga picha nne, moja kila robo mzunguko, utafute kitovu cha nukta kwa ImageJ, programu ya bure. Wastani wa vitovu vinne ndio mhimili wa chaki. Sogeza kamera milimita 20, rudia, mpaka ufike 200.

Kuhama juu au chini kusikutie hofu. Tazama kuhama kwa kuelekea kwako au kwa kwenda mbali nawe, huko ndiko kipenyo kinakobadilikia. Ukiona kunaongezeka sawasawa, pengine mashine imejipinda ilivyokaa: tia bati jembamba chini ya mguu mmoja, upime tena. Kukiruka ghafla karibu na chaki, reli zinazobeba kisu zimelika hapo, na bati halitasaidia.

Mwanga wa leza utaifurika kamera, kwa hiyo gundisha mbele yake kipande cha kioo cha kuchomelea. Zima marekebisho ya mwanga ya kujiendesha. Mimi nilisahau, Jumamosi nzima namba zikanichezea ngoma. Zima na feni, uiache leza ipate moto dakika 20. Usiichungulie.

Kamera bila lenzi haipigiwi tena simu ya video. Mjukuu wangu bado ananidai yake.