Rangi za Mawingu ya Mshtarii Zinasema Nini?

SWALI: Mhariri, nimeona picha za Mshtarii ambamo mawingu ya juu ni meupe na ya chini ni mekundu. Chombo kinachoitazama sayari kutoka angani kinajuaje kimo cha wingu, au rangi hizo ni mapambo tu?

JIBU: Rangi hizo kweli zimepakwa, ila zimepakwa kwa kufuata vipimo. Siri yake ni methani, gesi iliyomo kwa uchache katika angahewa ya Mshtarii, ambayo huko haigandi kuwa wingu na kwa hiyo imeenea karibu sawasawa. Gesi hiyo humeza mwanga wa mawimbi fulani, hasa ya nanomita 889 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), tusiyoweza kuyaona kwa macho. Mwanga wa Jua unaogonga wingu la juu hurudishwa kabla ya kupita katika methani nyingi, na wingu hilo hung'aa pichani. Ule unaozama hadi kwenye wingu la chini humezwa wakati wa kushuka na tena wakati wa kupanda, hata wingu likaonekana jeusi.

Chombo cha Galileo, kilichoizunguka Mshtarii kuanzia 1995 hadi 2003, kilipiga picha za eneo moja kwa vichujio, yaani vioo vinavyopitisha mawimbi fulani tu: vya nanomita 756, ambapo methani haimezi kitu cha maana, 727, ambapo humeza kiasi, na 889. Kazi inayochosha ni kuzioanisha, kwa sababu sayari hiyo hujizungusha kwa muda usiofika saa 10, na kati ya picha moja na nyingine kila kitu kimesogea. Zikishaoana, ya 756 hupewa rangi nyekundu, ya 727 kijani na ya 889 bluu. Wingu zito la juu huakisi mawimbi yote matatu, likawa jeupe. La chini hubaki na wekundu. Ukungu mwembamba wa juu huwa wa bluu. Doa Jekundu Kubwa, dhoruba kubwa ya sayari hiyo, hung'aa sana katika 889, dalili kwamba kilele chake kimewapita majirani zake.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, picha ghafi za kamera ya Juno, chombo kilichofika huko 2016, ziko wazi kwa umma, na kamera hiyo ina kichujio cha methani. Gawanya mng'ao wa kila nukta ya picha ya methani kwa ule wa nukta hiyo katika picha ya mwanga wa kawaida ili kupunguza athari ya pembe ya Jua, lakini usiusome uwiano huo kama kilomita: kwenye ncha za sayari, ukungu wa juu hung'aa hata pale ambapo mawingu mazito yamelala chini kabisa.