Barua ya rufaa ya fizi: niandikie nisiyoweza kuyaona

"Fizi zinatoka damu, tafadhali msaidie." Barua nyingi zinazonifikia huishia hapo, na hayo mgonjwa huwa ameshayasema kabla hajaketi kitini. Mimi hutibu fizi tu, na leo nasema na madaktari wa meno wenzangu wanaotuletea wagonjwa.

Hali ya kinywa ilivyo sasa nitaiona mwenyewe. Nitapima kina cha mifuko (nafasi kati ya jino na fizi iliyoachana nalo), nitagusa meno yaliyolegea, nitaona ugaga, yaani uchafu uliogandia meno, ulipojificha. Ya nyuma ndiyo siyaoni, na ndiyo yenye uzito. Mfuko wa milimita 6 ambao mwaka jana ulikuwa na milimita 4 unanitia wasiwasi kuliko ule uliokaa kwenye milimita 6 miaka mingi. Mfumo wa kuainisha ugonjwa wa fizi uliochapishwa mwaka 2018 unatupa hatua ya 1 hadi 4 kwa ukubwa wa madhara, na daraja A hadi C kwa kasi yake, C ikiwa ya kasi zaidi. Mfupa unaoshika jino ukipungua milimita 2 au zaidi ndani ya miaka 5, hilo ni daraja C. Nitalijuaje bila picha ya zamani? Hubaki kugawanya asilimia ya mfupa uliopotea kwa umri wa mgonjwa, na hayo ni makadirio tu. Basi ambatisha eksirei za nyuma, hata kama hazipendezi. (Ila ile iliyopigwa kwa simu dirishani, kidole kikifunika nusu ya taya, haimsaidii mtu.)

Halafu nieleze ulichofanya. "Alisafishwa" ni neno pana mno. Ulitoa ugaga wa juu tu, au uliingia chini ya fizi hadi kwenye mizizi? Lini? Ulimpima tena baada ya miezi mitatu hivi, ukakuta nini? Aliyesafishwa chini ya fizi, anayepiga mswaki vizuri, na bado ana mifuko mirefu inayotoka damu, huyo ni wangu. Ambaye hajafanyiwa hayo, mara nyingi nitaanza naye pale ambapo wewe ungeanzia, naye ameshakaa kwenye foleni bure.

Kuhusu afya yake, nipe tarakimu. Sigara ngapi kwa siku? Kuanzia 10, daraja linapanda hadi C. Kisukari vilevile: nataka kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, na kikifika asilimia 7 mambo yamebadilika. Orodha ya dawa iwe kamili. Nimewahi kupokea mgonjwa wa "fizi kuvimba" ambaye barua yake haikutaja kwamba anatumia fenitoini, dawa ya kifafa inayoweza kuotesha fizi. Amlodipini (ya shinikizo la damu) na saiklosporini (ya kupunguza kinga ya mwili) nazo huweza kuziotesha.

Mwisho niulize swali. Unataka nimtibu kinywa kizima, au unataka maoni yangu juu ya jino moja kabla hujaliwekea taji? Barua isiyouliza kitu hunifanya nibahatishe, na huenda nikakujibu usilohitaji.

Na kama kuna jino ambalo wewe mwenyewe unaona halitapona, mwambie mgonjwa kabla hajaja, kisha niandikie kwamba ameshaambiwa. Wengine hufika wakidhani wanakuja kusafishwa meno, nami ndiye wa kwanza kuwatajia kung'oa.