Re: Spika mpya za wati 300 zinatoa sauti ndogo kuliko za zamani

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, redio ni ileile iliyokuja na gari, amplifaya hutaki, na spika mpya zimefifia.

Hizo wati 300 zisahau. Ni nguvu ambayo spika inaweza kuhimili, siyo sauti itakayotoa. Redio za aina hiyo, hata zikiandikwa 50x4 (yaani wati 50 kwa kila moja ya spika nne), kwa kawaida husukuma wati 15 hadi 20 tu za kudumu kwa kila spika. Kwenye boksi tafuta desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambazo spika inatoa ikipewa wati 1, zikipimwa umbali wa mita 1. Mimi sichukui chini ya 90. Spika ya 92 ikilinganishwa na ya 89 ni sawa na kuongeza nguvu ya redio maradufu. Ila kuna ujanja: wengine hupima kwa volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ni wati 2. Hapo toa desibeli 3 ndipo ulinganishe.

Cha kwanza kabisa, soma omu nyuma ya sumaku ya spika za zamani. Zikiwa 2 na umefunga za 4, sababu mojawapo ndiyo hiyo, maana omu zikipanda redio husukuma wati chache. Zikiwa 4, usishuke hadi 2, utaichemsha redio.

Kagua pia nyaya za chanya na hasi za kila spika. Spika moja ikigeuziwa nyaya, besi inapotea.