Jibu: Mdogo wangu hajulikani alipo tangu vita vya Goma, mashariki mwa Kongo, nianzie wapi?

Pole sana, dada. Umeuliza kama mwaka mzima ukipita mlango wa kumtafuta unafungwa. Haufungwi. Nenda Msalaba Mwekundu, uombe huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana. Ni bure kabisa. Atakayekudai hata franka moja, mkimbie.

Usiende na picha peke yake. Andika majina yake yote, hata lile la utani la nyumbani, majina ya baba na mama, mahali alipozaliwa, kovu lolote, na wapi alionekana mara ya mwisho. Kama ni Sake, Mugunga au Birere, taja mpaka kanisa au soko la karibu. Majina kama Bahati na Furaha yamejaa huku; jina la mama ndilo huwatenganisha.

Volkano ya Nyiragongo, hapo karibu na Goma, ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watoto wengi walipotezana na wazazi njiani kuelekea Sake na Gisenyi, ng'ambo ya mpaka Rwanda, na wengi walirudishwa kwao. Kwa hiyo waombe Msalaba Mwekundu watazame pia upande wa Rwanda na Uganda.

Na tafadhali, namba yako ya simu usiibandike Facebook. Matapeli watakupigia wakisema wanaye, tuma pesa.