Jibu: Notisi ya siku tatu kwa mwenye nyumba ya kuhamishika, California

Pole sana ndugu yangu. Umesema umechelewesha kwa wiki mbili kodi ya kiwanja ilipo nyumba yako ya kuhamishika, meneja wa eneo la viwanja hivyo akakupa notisi ya siku tatu na kukwambia nyumba iwe imeondoka Jumapili. Hana mamlaka hayo.

Nyumba ni yako, ulichokodi ni kiwanja tu, na California ina sheria maalumu kwa hali hiyo. Siku tatu ni za kulipa. Ukilipa kiasi chote kilichoandikwa kwenye notisi ndani ya muda huo, upangaji wako unaendelea. Lipa kwa hundi ya benki, udai risiti yenye tarehe. Ila angalia: ukishapewa notisi kama hizi mara tatu ndani ya miezi 12, ukichelewa tena hawalazimiki kukupa nafasi nyingine ya kulipa.

Hata ukishindwa kulipa, kukufutia upangaji kunahitaji notisi ya maandishi ya siku 60, kisha kesi. Anayekutoa ni sherifu (afisa wa usalama wa kaunti) kwa amri ya mahakama, si meneja. Meneja kukukatia maji au umeme ili uhame ni kosa. Tangu Januari 2025 una siku 10 za kazi za kujibu mashtaka tangu ukabidhiwe karatasi. Usizipitishe, tafadhali, maana usipojibu anaweza kushinda bila wewe kusikilizwa.

Na kama shida yake ni kumpa kiwanja mtu aliyenunua nyumba kwake, hiyo si sababu halali kabisa. Kesho asubuhi nenda msaada wa kisheria, ubebe notisi na mkataba.