Je, dawa ya nano hulenga saratani peke yake? Jibu la aliyetibiwa nayo

Mwanzisha mada ameuliza iwapo dawa zinazobebwa na chembechembe za nano (ndogo mno, zisizoonekana kwa macho) huifuata saratani iliyosambaa bila kugusa viungo vingine. Nilitibiwa kwa doksorubisini, dawa ya kuua seli za saratani, iliyofungwa ndani ya liposomu, baada ya saratani ya ovari kunirudia na kuenea tumboni, na kwa maoni yangu neno "kulenga" limetupotosha wengi.

Liposomu ni kifuko cha mafuta chenye kipenyo cha nanomita 100 hivi, nacho hakijui kiendako. Huzunguka na damu kwa siku kadhaa, na kwa kuwa mishipa iliyoota harakaharaka ndani ya uvimbe huwa na matundu, hupenya hapo kwa wepisi kuliko kwenye mishipa mizima, jambo ambalo watafiti Matsumura na Maeda wa Japani walilieleza mwaka 1986. Hata hivyo, uchambuzi wa tafiti za wanyama uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa kwa kawaida ni asilimia 0.7 tu ya dozi inayofika kwenye uvimbe. Sehemu kubwa ya chembe hizo hunaswa na ini na wengu. Isitoshe, vivimbe vichanga vilivyosambaa huenda bado havina mishipa hiyo yenye matundu.

Faida niliyoipata ni kwamba moyo, ambao doksorubisini ya kawaida huudhuru, ulisalimika, kwa sababu mishipa yake haivuji. Nywele nazo zilipungua tu. Ila baada ya dripu ya 3 (nyekundu kama sharubati, siisahau) viganja na nyayo viliwaka kama niliyeshika sufuria jikoni, ngozi ikabanduka, na kufungua kifuniko cha chupa kukawa kazi ya mwanangu. Daktari aliahirisha dozi kwa wiki 2, kisha akaipunguza.

Kuhusu chembe zinazobandikwa kingamwili (protini inayoshikamana na seli za saratani) juu yake, ambazo ndizo hasa mwanzisha mada alizozisoma: kingamwili hiyo huisaidia seli ya saratani kuimeza chembe ikishafika, lakini haiielekezi njia, kwani safari ni ileile ya kubebwa na damu na kupita kwenye ini. Kwa hiyo, ukiandikiwa dawa ya aina hii, muulize daktari inakuepusha na madhara gani na italeta yapi mapya, na anza kupaka mafuta viganjani kabla havijawaka.