Magoti yangu na kopo la manjano

SWALI: Assalaam alaikum. Nina miaka 61, nakaa Wete. Nimechuma karafuu tangu usichana wangu, na sasa magoti yote mawili yananiuma. La kulia lakwaruza kila nikiinuka kwenye sijda. Hospitali wameniambia gegedu, ule mfupa laini wa kwenye kiungo, limelika. Mwanangu aliyeko Dubai kaniletea kopo la vidonge vya manjano na pilipili manga. Kila siku nameza amlodipini ya presha na aspirini ndogo. Je, nivimeze? Na gegedu litarudi? — Bi Mkubwa wa Wete

JIBU: Waalaikum salaam, bibi. Nianze na la mwisho: gegedu lililolika halirudishwi na kidonge chochote, cha manjano wala cha kiwandani. Maumivu, hayo yanaweza kupungua.

Manjano tunayotia kwenye mchuzi yana kurkumini, kiini chake chenye dawa, kidogo tu, kama asilimia 3, na tumbo huichukua kwa shida. Vidonge vya kopo ni kitu kingine: ni dondoo kali, yaani kiini kilichokamuliwa. Utafiti wa Thailand uliotolewa mwaka 2014 uliwapa wagonjwa wa magoti dondoo ya manjano miligramu 1,500 kwa siku, wengine ibuprofeni, dawa ya maumivu, miligramu 1,200. Baada ya wiki 4 nafuu ilikaribiana. Kwa hiyo mwanao hakukuletea upuuzi.

Ila pilipili manga ndiyo inayonitia wasiwasi. Imewekwa ili manjano yaingie mwilini kwa wingi, na huweza kulichelewesha ini kutoa dawa nyingine. Manjano makali nayo, yakikutana na aspirini, huweza kuifanya damu itoke kirahisi. Nayasema haya kwa uchungu. Mama yangu, naye mchuma karafuu wa Mtambwe, alikuwa kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda. Alimeza vidonge kama hivyo bila kuniambia, mimi mwanawe mfamasia! Nikaona damu kwenye mswaki wake, asubuhi hiyo hiyo nikampeleka hospitali.

Basi usivianze bado. Kopo hilo lichukue, pamoja na dawa zako zote, uende nalo kwa daktari anayekutibu presha. Na aspirini usiiache kwa kujiamulia. Akikuruhusu, ukaona macho yamekuwa manjano, mkojo rangi ya chai ya mkandaa, choo cheusi au ufizi unatoa damu, acha vidonge siku hiyo hiyo uende hospitali. Usijinunulie dawa ya maumivu ya diklofenaki dukani pia, kwani hupandisha presha. Mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ni ya kujipaka tu, yakiwa yamechanganywa na ya nazi. Kuyanywa ni hatari kwa ini.

Sasa dawa niliyoiona ikimsaidia mama kuliko kopo lolote: misuli ya paja. Kaa kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mbele, hesabu hadi 10, ushushe polepole. Mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Kama uzito umezidi, kila kilo unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo kama 4 kwa kila hatua. Ile mbuzi ya kukunia nazi mwachie mjukuu, maana kukaa chini vile ndiko kunakoliumiza goti zaidi. Na sala, bibi, sali kwenye kiti, dini imekuruhusu.